Lachi ya Ujerumani kwenye joto la Tanga

SWALI: Shikamoo Bibi. Kaka yangu ni baharia, mwaka jana aliniletea kutoka Ujerumani lachi mbili ndogo za bonsai, yaani miti inayodumishwa midogo ndani ya chungu. Zilichipua vizuri, nami nikapogoa kama karatasi ya maelekezo iliyokuja nazo ilivyosema: acha kichipukizi kirefuke, kisha kata ubakize macho mawili, yale ya kuchipulia. Mwaka huu moja imekufa, nyingine imetoa vishungi vichache tu vya majani. Hapa kwetu nipogoe vipi? Na nikiitia kwenye friji?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza weka mkasi chini. Hukukosea kukata.

Lachi ni ndugu wa msonobari, lakini yenyewe hupukutisha majani yote kila mwaka. Yanageuka manjano, yanadondoka, mti unalala miezi ya baridi kali, na usingizi huo ndio unaofungua macho yake mwaka unaofuata. Mwaka jana zilichipua kwa usingizi ziliolala kwao. Tanga, hata Julai kusi likivuma, usiku ni nyuzi 20 hivi, na siku hazifupiki kuiambia kwamba baridi inakuja.

Hata huko kwao karatasi moja haitoshi. Penye majira marefu ya joto wanaweza kukata, mti ukachipua tena na ukakomaa. Penye majira mafupi, ukichelewa kukata, kichipukizi kipya hukutwa na barafu kingali kichanga.

Friji sikushauri. Ni wiki nyingi mfululizo kwenye nyuzi 5 hivi, mizizi isikauke wala isioze, na mti uliochoka hauna akiba ya kuvukia. Hiyo iliyobaki iepushe na jua la mchana, usikate hata ncha: vishungi hivyo ndivyo jiko lake. Sikuahidi kwamba itapona, na najua inauma, maana ni zawadi ya kaka.

Ukitaka sura ile ile ya mti wa milimani, chukua mche wa mvinje. Vuta kijiti chake cha kijani: kinachomoka kwenye kiungo, na ukitazama kwa makini utaona duara la vijino vidogo mno. Hivyo vijino ndivyo majani yenyewe. Mvinje haungoji baridi, hukua mwaka mzima, kwa hiyo nao utaupogoa mwaka mzima, kidogo kidogo, zaidi wakati wa masika mti unapokimbia kukua. Kila tawi liachie kijani. Mimi niliwahi kulinyoa tupu tawi la chini la mvinje wangu nikitaka linenepe. Lilikauka lote, na pengo lake lipo mpaka leo.

Maji usiupunje, chungu kidogo hukauka upesi kwa upepo wetu. Na ukibadilisha udongo, usioshe mizizi yote ikawa myeupe. Vile vinundu utakavyoviona si ugonjwa; humo wamo vijidudu vinavyoulisha mti naitrojeni ya hewani. Bakiza na konzi mbili za udongo wa zamani.