Athari za sauti? Zimemuathiri nani?

Swali la msomaji: "Natunga muziki wa michezo ya jukwaani na kutengeneza milio yake yote, kuanzia mvua hadi mlango. Kwenye kijitabu cha onyesho letu jipya nimeandikwa 'Mtaalamu wa Athari za Sauti'. Mwenzangu mmoja anasema niitwe 'mbunifu wa sauti', mwingine 'msanifu sauti'. Fundi wetu yeye huniita 'mtu wa saundi'. Lipi ni Kiswahili?"

Yote ni Kiswahili, ndugu yangu, isipokuwa hilo walilolichapa. Jibu fupi ni kwamba wewe ni msanifu sauti na mtunzi wa muziki, na ningeweza kuishia hapo nikaenda kupumzika. Lakini umenitajia "athari za sauti", na hapo umenitonesha kidonda.

Athari tulilipata kwa Waarabu, na kwao athar ni alama inayobaki kitu kikishapita, kama wayo mchangani. Nasi tumelitumia vivyo hivyo: jambo limetokea, likaacha kitu nyuma yake, na mara nyingi kilichoachwa hakifurahishi. Athari za mafuriko. Athari za ukame. Athari za ulevi. Sasa mpe mtu asiyejua habari za jukwaa asome "Mtaalamu wa Athari za Sauti". Atakuja kwako na sikio linalouma.

Kosa hili lina historia fupi na ya aibu. Kiingereza kina neno moja, effect, linalobeba mizigo miwili: tokeo la jambo fulani, na ujanja wa jukwaani unaomfanya mtu aamini kuwa mvua inanyesha. Mfasiri alifungua kamusi, akaokota maana ya kwanza, akafunga kamusi. Waarabu, ambao neno ni lao, hawakuteleza hapo: milio ya jukwaani na ya filamu wao huiita muaththirat, yaani vitu vyenye kuathiri. Hawakuiita athari. Tumeazima punda kwa jirani kisha tukamtwika mzigo ambao jirani mwenyewe hakuthubutu kumtwika.

Chukua radi. Naichukua radi kwa sababu kila andiko la mchezo ninaloletewa lina radi, na kila radi imeharibiwa kwa namna ileile: "Inasikika athari ya sauti ya radi." Maneno sita, na radi imekuja mwishoni, imechoka. Hivi radi hufanya nini katika Kiswahili? Hupiga. Na ngurumo? Hutitima, hurindima. Andika "Radi inapiga", au "Ngurumo inarindima kwa mbali", na mwigizaji atajua ashtuke au ainue tu kichwa. Ile "athari ya sauti ya radi" haimwambii kama radi iko juu ya paa au ng'ambo ya milima.

Watu wamehangaika na radi ya jukwaani kwa karne nyingi bila kuhitaji athari. Katika ukumbi wa Theatre Royal mjini Bristol, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1766, kulikuwa na mifereji ya mbao juu ya dari. Mtu aliviringisha humo mabomu ya mzinga, ya chuma kitupu, nayo yakashuka yakigonga mbao juu ya vichwa vya watazamaji. Hilo ndilo lililokuwa radi. Kwingine walitikisa bati kubwa lililoning'inizwa. Sasa niambie athari iko wapi hapo. Haimo katika bomu la chuma, wala katika mbao, wala katika bati. Iko chini kwenye viti, kwa yule bwana aliyeinamisha shingo na yule mama aliyemshika mwanawe mkono. Juu darini kuna mlio, na chini kwenye viti ndiko kuna athari.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwandishi John Dennis. Mwaka 1709 mchezo wake ulionyeshwa London, naye akaja na mbinu mpya ya kutengeneza radi. Mchezo haukupendwa, ukaondolewa upesi. Baadaye alikwenda kuutazama mchezo wa Shakespeare, Macbeth, katika ukumbi uleule, akaisikia radi yake inapiga, akapiga kelele kwamba wamemwibia radi. Hakudai kuwa wameiba athari zake za sauti, na angekosea kudai hivyo, maana mlio alikuwa nao tele. Athari ndiyo aliyoikosa, ndiyo maana mchezo ulifungwa.

Najua nitajibiwa kwamba huku ni kuchambua nywele, kwamba watu wanaelewana. Wanaelewana mpaka giza liingie. Fundi anayeendesha milio ya mchezo hukaa na orodha mbele yake, siku hizi kwenye kompyuta, kwa programu kama QLab, na kila mstari una jina lake. Nimeziona orodha zenye "Athari ya Sauti 3", "Athari ya Sauti 4", "Athari ya Sauti 4 mpya". Ni ipi risasi hapo, na ni ipi kilio cha mtoto? Mtu anabonyeza kwa imani. Na hali lugha yake imemwekea ghala zima: mlio, mvumo, kishindo, mrindimo, mkwaruzo, mchakacho, mnong'ono, mwangwi. "Kishindo cha mlango" na "mkwaruzo wa mlango" ni milango miwili tofauti kabisa, na huenda ni michezo miwili tofauti: wa kwanza una ugomvi, wa pili una mwizi. Bado sijagusa tanakali sauti. Mtu akianguka pu! yuko sakafuni, akianguka chubwi! yuko majini, na msanifu ameshajua atengeneze nini kabla hujamaliza kumweleza. Lugha yenye utajiri huo inapopiga magoti kuomba "athari ya sauti ya mtu kuanguka majini", mimi hufunga andiko nikatafuta maji ya kunywa.

Katika maonyesho ya siku hizi, yale ambayo mtazamaji huingizwa ndani ya mchezo wenyewe, tofauti hii ndiyo kazi yote. Mwaka 2015 kundi la Complicité la Uingereza lilianza kuonyesha The Encounter mjini Edinburgh. Jukwaani alikuwapo mtu mmoja, Simon McBurney, pamoja na kichwa cha sanamu chenye maikrofoni masikioni, na kila mtazamaji alivaa hedfoni. McBurney akinong'ona kwenye sikio la kushoto la sanamu, ukumbi mzima unanong'onezwa sikio la kushoto. Kilichosafiri kwenye waya ni mnong'ono. Vinyweleo kusimama, na ile hamu ya kugeuka uone nani amekuja nyuma yako, hayo hayakupita kwenye waya wowote. Hizo ni athari, na hazimo katika orodha ya fundi kwa sababu hakuna kitufe cha kuzibonyeza.

Nisije nikaonekana nalichukia neno. Liko mahali pake kwingine katika kazi hiihii. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas aliandika kuhusu jambo la ajabu la masikio yetu: sauti moja ikitufikia mara mbili ndani ya milisekunde chache, hatusikii mbili. Tunasikia moja, na tunaamini imetoka kule ilikotangulia kutokea, hata kama ile iliyochelewa ina nguvu zaidi. Wasanifu huishi kwa hilo. Sauti ya mwigizaji huchukua takriban milisekunde 58 kumfikia mtu aliyekaa mita 20 nyuma. Ukimwekea mtu huyo spika karibu, isipocheleweshwa, atasikia mwigizaji anazungumza kutoka ukutani. Icheleweshe kwa milisekunde 58 hizo na nyingine kama 10 juu yake, na spika inatoweka: maneno yanatoka kinywani mwa mwigizaji, ila yanasikika vizuri zaidi. Hiyo wanaiita athari ya Haas, nami naipigia saluti, kwa sababu inatokea ndani ya kichwa cha msikilizaji. Kumbe neno linaweza kukaa sawa likipewa nafasi yake.

Wapo waliojaribu kuokoa hali kwa "madoido ya sauti". Nashukuru juhudi, lakini doido ni pambo, na ngurumo inayotangulia kifo cha mfalme si pambo. "Vionjo" naweza kuwaachia wanamuziki. Sisi wengine tuna milio. Milio ya jukwaani, milio ya mchezo. Neno ni fupi, limezaliwa nyumbani kutokana na kulia, na katika Kiswahili kila kitu hulia: simu, kengele, ngoma, bunduki, hata tumbo.

Sasa cheo chako. "Mbunifu wa sauti" silikatai, ingawa kubuni ni kuzua kisichokuwapo, na nusu ya kazi yako ni kupanga kilichopo: spika ipi iseme, ipi inyamaze, muziki uingie kwa neno lipi. Kusanifu kunabeba zote mbili, na tayari tuna msanifu majengo ambaye habebi tofali lakini hakuna ukuta unaosimama bila yeye. Usione haya kuwa cheo chenyewe ni kichanga. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kukiandikiwa katika maonyesho ya jukwaani ni Dan Dugan, huko San Francisco katika msimu wa 1968 na 1969. Tuzo za Tony, za michezo ya jukwaani ya Marekani, zilianza kuwatunuku watu wa kazi hii mwaka 2008, zikakifuta kipengele chao mwaka 2014, zikakirudisha mwaka 2018. Katikati ya ukame huo, mwaka 2017, Gareth Fry na Pete Malkin walipewa tuzo maalumu kwa ajili ya sauti za The Encounter. Wenye lugha ya cheo hicho nao walikuwa bado wanatafuta pa kukiweka.

Utunzi uandikwe peke yake, usimezwe na usanifu. Mnorwei Grieg alitunga muziki wa Peer Gynt, mchezo wa mwenzake Ibsen, ukapanda jukwaani mwaka 1876, na hadi leo ni mtunzi. Hajawahi kuwa mtaalamu wa athari za chochote.

Vijitabu vikishachapwa, viache viuzwe. Sina nguvu za kupigana na wino. Ila andiko la mchezo na orodha ya fundi bado viko mikononi mwako, navyo visafishe usiku huuhuu. Ama kuhusu "saundi", mimi sina ugomvi nalo. Lina kazi yake wakati wa kujaribu mitambo, na fundi akipaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi kuuliza kama saundi iko sawa, mjibu kuwa iko sawa, mwendelee na mazoezi.