Mama hanijui nikivaa barakoa

SWALI: Mama ana dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Nikivaa barakoa ananitazama kama mgeni, juzi kaushika ule mpira wa sikioni akauvuta kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu. Maneno yakishaanza kumpotea mtu anashikilia uso, tabasamu, midomo inavyocheza, sasa barakoa inafunika vyote hivyo na sauti nayo inafifia, na kama masikio hayasikii vizuri ndo kabisa. Kama huumwi, simama mbali kidogo mbele yake, ishushe akuone, taja jina lako, halafu vaa. Ongea taratibu bila kupiga kelele, redio zima, macho yako yacheke kwelikweli. Zipo pia barakoa zenye kidirisha cha plastiki mdomoni. Akikuita mgeni usibishane nae, mshike tu mkono.