Jibu: Dune ya pili bila ya kwanza, utaelewa?

Mkuu, unauliza kama unaweza kuanza na filamu ya Dune ya 2024 bila kuona ile ya 2021. Usijaribu. Inaanza Paul, mhusika mkuu, na mama yake wakiwa tayari jangwani na Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo. Utajuaje ukoo wao ulivyoteketezwa?

Mimi niliiona kibanda umiza, hapa Mwanga, Kigoma. DJ alitafsiri ngumi zote, minong'ono ya unabii akairuka, na stori yenyewe ndiyo hiyo! Paul si shujaa: ile imani kwamba yeye ni mkombozi ilipandikizwa makusudi na masista wa Bene Gesserit, shirika la siri la wanawake.

Mwisho (samahani, nakumalizia utamu) Chani, mpenzi wa Paul, anasusa, anaita mnyoo mkubwa wa jangwani ampande aondoke zake. Kwenye kitabu cha 1965 anabaki. Mwongozaji Villeneuve kapatia hapo. Vita ya mwisho tu ndiyo kaikimbiza mno.