Usihesabu Majina ya Utani: Ushauri kwa Wanaobishania Star Trek na Star Wars

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na ni mtu wa Star Wars. Mimi ni wa Star Trek tangu ujana wangu hapa Kirumba, Mwanza. Zote mbili ni hadithi za filamu na televisheni kuhusu safari za anga za juu. Kila akija likizo tunabishana, na safari hii ubishi ulihamia kwenye majina ya utani. "Mjomba, nyie mna Bones na Scotty tu," akaniambia. "Sisi tuna Chewie, Ani, Snips, Artoo, Threepio..." Akawa anahesabu kwa vidole.

Nilimwambia aache kuhesabu, na wewe nakushauri hivyo hivyo. Jina la utani ulipime kwa watu: nani alilitoa, nani ana ruhusa ya kulitumia, na akilitamka mwingine litageuka tusi au la.

Hilo nilijifunza kazini. Nilifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Msimamizi wa zamu alituita kwa namba zilizoandikwa kwenye mabuti yetu, na mimi nilikuwa Arobaini na Moja. Hata nilipougua, aliyekosekana alikuwa Arobaini na Moja. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Mwenzangu mmoja wa Ukerewe, tuliyekuwa tunasimama naye meza moja, ndiye aliyeanza kuniita Furu kwa sababu ya umbo langu dogo. Watu wa ziwani mnawajua furu, samaki wadogo waliojaa Ziwa Victoria mpaka sangara walioletwa miaka ya 1950 na 1960 walipowafyeka. Kuitwa Furu katikati ya meza za sangara! Angeniita hivyo msimamizi, tungegombana. Kwake yeye niliitika, na nilifurahi kuitika.

Ndiyo maana ukitaka kulinganisha kwa haki, anzia kwa wahusika wenye namba. Kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 2015 kuna askari anaitwa FN-2187. Hana jina lingine. Anamtorosha rubani mfungwa, Poe Dameron, na wakiwa ndani ya chombo walichoiba Poe anakataa kumwita kwa namba. Anazichukua zile herufi mbili na kumpa jina: Finn. Upande wa Star Trek, kipindi kimoja cha mwaka 1992 kinamleta kijana wa Borg, viumbe nusu mashine wanaofikiri kama kundi moja; anaitwa Tatu kati ya Watano. Geordi La Forge, fundi mkuu wa chombo, anampa jina la Hugh, na yule kijana aliyezoea kusema "sisi" anafika mahali anasema "mimi". Hapa sitaki kutoa mshindi. Zote mbili zilinigusa palepale palipokuwa na namba yangu.

Kuhusu Bones, yule daktari wa Star Trek, nakuomba usimfasirie mtu "Mifupa" ukaishia hapo. Zamani Waingereza waliwaita madaktari wa upasuaji "sawbones", yaani wakata mifupa kwa msumeno, na neno hilo ndilo lililofupishwa. Kwa hiyo sema "Mkata Mifupa", halafu mwelekeze msikilizaji wako amtazame Spock. Kapteni Kirk, mkuu wa chombo, anamwita daktari huyo, McCoy, kwa jina hilo kila siku, lakini Spock, rafiki wa wote wawili, kwa kawaida anabaki na "Daktari". Urafiki wa Spock na McCoy unapita kwenye mabishano, na ule umbali kidogo wa heshima unaufaa.

Majina mengi ambayo mpwa wangu aliyahesabu ni vifupisho tu. Chewie ni Chewbacca aliyekatwa mkia. Snips namkubalia, kwa sababu Anakin alimpa mwanafunzi wake Ahsoka kutokana na ulimi wake mkali, naye Ahsoka anamwita mwalimu wake Skyguy. Utani unakwenda na kurudi. Ani namkubalia zaidi. Ndivyo mama yake alivyomwita Anakin alipokuwa mtoto mtumwa, na baadaye, akishageuka kuwa Darth Vader, hakuna anayethubutu kumwita hivyo.

Lakini lipo moja ambalo sijapata mfano wake upande wa pili. Katika Deep Space Nine, mfululizo wa Star Trek ulioanza mwaka 1993, Kamanda Sisko anamwita msichana mrembo, Jadzia Dax, "Mzee". Ndani ya Jadzia anaishi kiumbe Dax, ambaye kabla yake aliishi ndani ya Curzon, mzee aliyekuwa rafiki na mlezi wa Sisko. Jadzia akifa, Dax anahamia kwa binti mwingine, Ezri. Sisko anamwita Mzee vilevile.

Niliogopa mpwa wangu ataliona ni jambo la ajabu, nikaandaa maelezo marefu. Nikuambie ukweli, usiandae. Mdogo wake wa miaka sita ana jina la marehemu mama yangu, na tangu azaliwe mimi namwita Mama. Nikimpelekea ndizi namwambia, "Mama, shikamoo," naye anaitika marahaba bila kucheka.

Tulipofika Ezri anaitwa Mzee, mpwa wangu alisimamisha picha. Alimtazama mdogo wake aliyelala kwenye kochi, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe Mjomba," akasema, "na wewe ni Sisko."

Akabonyeza, tukaendelea.