Kumsoma Yusuf wa Gurnah kwa Jicho la Visa vya Kale

Insha yangu ya kwanza ya uhakiki wa akitaipu, yaani wa taswira na visa vya kale vinavyojirudia, ilikuwa orodha. Niliichukua riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994 na ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nikaanza kuwabandika wahusika majina: Yusuf ni shujaa, Mzee Hamdani ni mzee wa hekima, bustani ni pepo, safari ya bara ni kushuka kuzimu. Kila jina lilikuwa na ushahidi wake na namba ya ukurasa. Mwalimu wangu aliirudisha ikiwa na maneno mawili tu pembeni: “Kwa hiyo?” Nilikasirika, kwa kuwa niliamini kwamba nimefanya kazi yote iliyotakiwa, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya msomaji anayejiandaa kuhakiki riwaya ya makuzi, yaani ile inayomfuata mtoto mpaka anapokomaa, kwa nadharia hii na ambaye, kama mimi, anaweza kudhani kwamba kutambua ni kuhakiki.

Nadharia yenyewe si ngumu kuielewa. Akitaipu ni taswira, aina ya mhusika au mwendo wa kisa ambao watu wamekuwa wakiurudia tangu zamani, katika dini, ngano na ndoto. Mwanasaikolojia Carl Jung aliitafuta asili yake katika nafsi ya mwanadamu, na kwake tumepata dhana ya kivuli, yaani ile sehemu ya nafsi tusiyotaka kuiona kuwa ni yetu. Joseph Campbell, mtafiti wa visasili, mwaka 1949, alieleza safari ya shujaa kwa hatua tatu: kuondoka, kujaribiwa na kurudi. Mhakiki Northrop Frye, mwaka 1957, aliiacha nafsi akaiangalia fasihi yenyewe, akazigawa aina za visa kwa mfano wa majira manne ya mwaka. Riwaya ya makuzi inaikaribisha nadharia hii kwa urahisi mno, kwa sababu kisa cha mtoto anayetengwa na kwao, akatiwa katika majaribu, kisha akarejea akiwa mtu mwingine, ndicho kisa kile kile ambacho mwanaanthropolojia Arnold van Gennep alikieleza mwaka 1909 alipochambua ibada za mpito, zile zinazomvusha mtu kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Kwa kuwa urahisi huo upo, mhakiki hupata majibu kabla hajauliza lolote.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na visa ambavyo riwaya yenyewe inavijua. Mimi nilimkimbilia Campbell, ilhali mwandishi alikuwa amekwisha kuniwekea ufunguo mlangoni: kijana mzuri wa sura aitwaye Yusuf, anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka kumi na miwili ili kulipia deni la baba yake, anawekwa katika nyumba ya tajiri aitwaye Aziz, na mke wa tajiri huyo anamtamani. Yeyote aliyewahi kuisikia Sura ya Yusuf anakitambua kisa hiki mara moja. Frye anatusaidia hapa kwa wazo lake kwamba kisa cha kale, kinapoingia katika riwaya ya kisasa, huvikwa mavazi ya maisha ya kawaida. Mkubwa wa Misri amekuwa mfanyabiashara wa misafara anayeitwa ami, na kisima ambamo ndugu walimtupa mwenzao kimekuwa deni ambalo mtoto halijui.

Sasa litazame shati. Katika Qur'ani, kanzu ya Yusuf iliyochanika kwa nyuma ndiyo shahidi: kama imechanwa nyuma, basi yeye alikuwa akikimbia, na mwanamke ndiye aliyemfuata. Gurnah naye analichana shati la Yusuf wake kwa nyuma. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba tukio hili “linafanana” na lile la kale, nikapita. Leo naliona swali nililoliruka. Katika kisa cha kale ushahidi una uzito, kwani hata baada ya kifungo mtu huyu anapanda mpaka kukabidhiwa hazina za nchi, na mwishowe anawapokea wazazi wake. Katika riwaya, shati lile lile halimfungulii kijana mlango wowote. Hana hatia, na kutokuwa na hatia hakubadilishi hadhi yake ya mtu aliyewekwa rehani. Maana yote ya tukio imelala katika tofauti hiyo, nami nilikuwa nimeandika juu ya mfanano peke yake.

Ndivyo ilivyo hata kwa bustani. Ina ukuta, ina birika katikati, ina mifereji ya maji, na msomaji anayeijua pepo ya vitabu vitakatifu hahitaji kuelezwa. Lakini kwenye miti kumetundikwa vioo, ili bibi wa nyumba aliyejifungia ndani aweze kuona kinachoendelea nje. Ile pepo inamchungulia aliyemo ndani yake. Na mtunzaji wake, Mzee Hamdani, ni mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, akishikilia kwamba uhuru si kitu ambacho mtu anaweza kumpa mwenzake. Ni hekima ya kweli, na kila ninapoisoma inanigusa, ila ni hekima isiyomwonyesha kijana njia ya kutokea. Mzee wa hekima wa visa vya kale humpa shujaa upanga, hirizi au walau ramani. Huyu anamwachia kijana maneno, kisha anarudi kwenye miti yake.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika riwaya hii ni mbwa, ambao mwanzoni niliwapuuza kwa sababu hawakuwemo katika orodha yoyote ya akitaipu. Yusuf anawaogopa tangu siku zake za mwanzo katika nyumba ya Aziz, wanapomzunguka usiku. Mwishoni, askari wa Wajerumani wanapoondoka na watu waliowakamata, Yusuf anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa na askari hao, na kwa mshtuko anajitambua ndani yao. Kisha anakimbia, macho yakimwasha, kuufuata msafara ule. Jung angesema kwamba kukitazama kivuli chako usoni ndiyo hatua ya kwanza ya utu uzima, nami nakubali kwamba hapo ndipo Yusuf anapokomaa. Hata hivyo, mlango pekee ulio wazi mbele ya mtu aliyekwisha kukomaa namna hiyo ni jeshi la mkoloni. Hatua ya tatu ya Campbell, ya kurudi, haipo, na wala si kwa sababu kijana ameshindwa jaribu lolote: wakubwa wake walikwisha kumtoa kwa deni, na hana tena nyumba ya kurudia. Wapo wanaousoma mwisho huu kuwa ni kushindwa kutupu. Mimi nauona kuwa ni mara ya kwanza mtoto huyu kuchagua, na uchungu wake ni kwamba amechagua pingu nyingine.

Kwa hiyo, ukisoma, tia alama pale ruwaza, yaani mwendo wa kisa cha kale, inapotii, lakini kaa zaidi pale inapokatika, ukiuliza ni nguvu gani ya kihistoria iliyoikata. Katika riwaya hii jibu ni deni, utumwa na ukoloni.

Jambo moja lilibaki kunisumbua muda mrefu zaidi. Mhakiki Annis Pratt, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha kwamba ramani za kawaida za safari ya shujaa zilichorwa kwa nyayo za wavulana, na kwamba riwaya nyingi zinamsimulia msichana ambaye kukua kwake ni kupunguzwa. Katika Peponi yupo Amina. Alitekwa utotoni, akalelewa na watu waliomwokoa, akatolewa kulipia deni, akawa mke wa pili wa Aziz, aliyelidai. Ameondoka kwao na amejaribiwa kuliko Yusuf, lakini hapewi hata barabara ya kukimbilia. Katika orodha yangu ya zamani nilimwita “mpenzi wa shujaa”, basi. Nilipoiandika upya insha ile, nilianza na yeye.