Wasomaji Wanauliza: Sayansi ya Juu Bila Maabara

Swali: Binti yangu ana miaka 16 na anasomea nyumbani. Tumetumia pendulamu (tufe linaloning'inia kwenye uzi), tukahesabu mara 20 za kwenda na kurudi, kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia (kiasi ambacho mwendo wa kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde). Kitabu kinasema 9.81, sisi tunapata 10.9. Tumerudia mara tatu, jibu ni lilelile. Je, saa ya simu haifai?
*Mama wa Watatu*

Jibu: Simu haina kosa, mama. Kidole huchelewa mara hii, kikawahi mara ijayo. Kingekuwa ndicho chanzo, majibu yangetawanyika. Jibu linalogoma palepale lina kosa la kudumu ndani yake, na hiyo 10.9 karibu inalitaja: mmeanza kuhesabu kwa "moja" pale mlipoachia tufe.

Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2.006. Ukianza na "moja", ukifika "ishirini" tufe limekwenda na kurudi mara 19 tu, yaani sekunde 38.1. Gawanya kwa 20 upate 1.906. Iweke kwenye g = 4π²L/T² (g ni mchapuko, L ni urefu hadi katikati ya tufe, T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja) na 10.9 hiyo hapo. Anzeni na "sifuri". Saa muianzishe tufe linapopita alama ya katikati, si linapofika ukingoni, kwa sababu ukingoni linajikokota na jicho halijui hasa lilisimama lini. Uzi usivutwe zaidi ya digrii 10. Ukivutwa hadi 40, muda huongezeka kwa takriban asilimia 3 na g hushuka kwa 6.

Ila msiishie hapo. Pimeni urefu wa sentimita 40, 60, 80, 100 na 120, kisha achore T² dhidi ya L. Mteremko unaotakiwa ni karibu 4.02. Kabla ya kuchora, muulize kila kosa lingeufanyia nini mstari. Kosa la "moja" huacha mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri: grafu safi kabisa, na ya uongo. Kupima uzi hadi juu ya tufe badala ya katikati yake ni kinyume chake. Tufe likiwa na nusukipenyo cha sentimita 2, mstari utakata mhimili wa T² kwenye 0.08, lakini mteremko haubadiliki na g inatoka salama. Anayeweza kueleza tofauti ya makosa hayo mawili ameielewa pendulamu kuliko aliyepata 9.81 kwa bahati.

Swali: Titresheni ya siki (kupima kiasi cha asidi kwa kuidondoshea alkali) inawezekana bila bureti, ule mrija wenye vipimo na koki? Na kwa nini siki iliyoandikwa asilimia 5 kwetu inatoka 5.5?
*Baba Mwalimu*

Jibu: Inawezekana, kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Changanya siki sehemu 1 na maji yaliyokenekwa sehemu 9, pima gramu 10 za mchanganyiko huo na uongeze matone mawili ya fenoftalini, kiashirio kinachogeuka waridi asidi inapokwisha. Jaza alkali, yaani sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), kwenye chupa ya kudondoshea, ipime, dondosha huku ukitikisa, kisha ipime tena. Miyeyusho hii ni miepesi kiasi kwamba gramu 1 unaweza kuihesabu kama mililita 1. Siki ya asilimia 5 itakula karibu gramu 8.3.

Ile 5.5 tunashuku inatokana na alkali mliyojitengenezea. Vidonge vyake hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi hewani, kwa hiyo gramu 4 ulizopima kwa lita 1 si alkali tupu. Mmumunyo unakuwa dhaifu, unatumia mwingi, na siki inaonekana kali kuliko ilivyo. Nunueni ulio tayari, wenye nguvu iliyothibitishwa. Ni salama zaidi pia. Kosa jingine ni kuendelea kudondosha kila waridi linapofifia. Likidumu sekunde 30 simama, maana baada ya hapo hewa ndiyo inayolifuta. Methili-orenji, kiashirio kingine, iacheni: hubadilika kati ya pH (kipimo cha asidi na alkali) 3.1 na 4.4, mapema mno kwa asidi dhaifu kama hii.

Miwani ya maabara ni lazima, na ya kusomea haihesabiki. Kazi hii isifanyike kwenye meza ya chakula.

Swali: Mtoto aanze kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) kabla ya fizikia?
*Mzazi wa Mmoja*

Jibu: Viende sambamba. Kwa mwendo wa mchapuko usiobadilika aljebra na trigonometria zinatosha. Mchapuko ukianza kubadilika, ndipo kalkulasi inapohitajika. Kinachosahaulika ni logi (logarithimu): bila logi, pH inakuwa wimbo wa kukariri. Na kama mtihani wake una sehemu ya vitendo, tafuteni kituo kinachopokea watahiniwa wa nje kabla ya kuchagua mtaala, si baada.