Spoku zinakatika kabla ya kufika Jinja

SWALI: Nina baiskeli ya chuma ya tairi 28, haina gia. Nataka kuvuka Uganda kutoka Busia hadi Katuna, mpakani na Rwanda, na mzigo wa kilo 25 kwenye kerieri. Kila nikijaribu kwenda Jinja, spoku mbili tatu za nyuma hukatika. Fundi ananishauri ninunue nene. Nimsikilize? (Msomaji, Busia)

JIBU: Spoku nene iliyolegea itakatika vilevile. Gurudumu likizunguka, kila spoku ikifika chini hulegea kidogo, ikipanda hukaza tena. Kama ilikuwa imelegea tangu mwanzo, hupinda na kunyooka pale kwenye kona inapoingia habu (kitovu cha gurudumu), hadi chuma kinachoka. Ikikatika moja, jirani zake hubeba kazi yake, nazo hufuata.

Gurudumu lako la nyuma huenda lina spoku 40. Zibane mbilimbili kwa vidole, kisha zigonge kwa bisibisi: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Iliyolegea ikaze robo mzunguko, zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba, ndipo uongeze robo nyingine. Rudia ukaguzi baada ya kilomita 80 za mwanzo, kwa maana spoku mpya hujikalisha. Na kwa kuwa zako zimeshakatika mara kadhaa, badilisha zote za upande wa friwili, ile gia ya meno ya nyuma inayoshika mnyororo. Zilizobaki zimechoka pia.

Beba nne za akiba, za urefu uleule. Za upande wa friwili haziingii bila kuifungua, kwa hiyo beba na kifungulio chake. Patasi na nyundo huimaliza friwili.

Kilo 25 ni nyingi. Punguza zifike 15, na 5 kati ya hizo zikae mbele.

Ukiwa kwa fundi, badilisha na friwili yenyewe. Kama ina meno 18, weka ya 22: pedeli itakuwa nyepesi kwa karibu moja ya tano, na mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa kipande. Kwenye tambarare utaiona polepole. Milima ya kuingia Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndiyo itakayokuonyesha faida yake.

SWALI: Malori ya barabara ya msitu wa Mabira yananitisha. Kuna njia nyingine ya kufika Kampala? (Msomaji, Iganga)

JIBU: Ipo. Ukishavuka Nile, shika Njeru, Kayunga, kisha Mukono. Ni lami, na utaongeza kilomita kama 30. Utalikosa soko la kando ya barabara la Namawojjolo na gonja (ndizi) yake ya kuchoma, basi.

Mkiendelea hadi Katuna, nyote wawili angalieni breki. Breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma hupoteza nguvu nyingi mvua ikinyesha. Weka raba mpya kabla ya kuondoka Mbarara, na mteremko mkali ukiwa umelowa, shuka usukume.